Viatu Vyako Vilikuwa Halali

Kwa jina la Mola ambaye mbele yake hakuna mlango unaofungwa.

Mwanangu Mejumaa,

Amani ya Mwenyezi Mungu ikufikie, na rehema zake, na baraka zake. Nakuandikia nikiwa nimeketi ukumbini. Sala ya alasiri imekwisha, na wewe uko uani pamoja na shangazi yako mnakunja nguo. Nakusikieni. Anakuambia kwamba Marsabit kuna baridi ya kupenya mifupa, nawe unamjibu kwamba mwalimu hafi kwa baridi, hufa kwa kelele za watoto. Barua hii nitakupa mkononi baada ya magharibi, ili uisome ukiwa bado chini ya paa hili, upate muda wa kuamua utakalonitendea kabla ya gari la asubuhi.

Sitakueleza habari za kufunga pochi yako, wala za maji ya kuchemsha, wala za kutomwamini mtu aketiye nawe safarini. Hayo shangazi yako ameyasema mara nyingi hata mimi nimeyahifadhi. Ninataka kukueleza habari za chumba cha viatu.

Umekua ukikiona chumba kile kama unavyoona ukuta. Sidhani umewahi kuambiwa kwamba tulikijenga kwa ajili yako. Mama yako alipokuwa na mimba yako alinihimiza niongeze chumba upande wa kaskazini wa nyumba, mtoto apate mahali pake. Nilisimamisha kuta, nikaezeka, na kabla hujafikisha siku arubaini nilikuwa nimekwisha kuingiza humo rafu ya kwanza. Wewe ukalala chumbani kwa shangazi yako, na bado unalala humo, mtu mzima, mwenye shahada.

Ilianza hivi. Nilikuwa nimepewa ukhadimu wa msikiti wetu hapa Msambweni: kufagia, kujaza birika, kufungua na kufunga milango. Idi moja, watu walipokuwa wamekwisha kutawanyika, nilikuta penye ngazi jozi ya makubadhi mazuri ya ngozi, yaliyoshonwa kwa mkono. Nilitangaza. Hakutokea mtu. Nikayafuta vumbi, nikayapaka mafuta ya nazi, nikayaweka. Baada ya miaka miwili alikuja mzee mmoja kutoka Funzi, akasali nasi adhuhuri, kisha akauliza kwa haya kama kuna mtu aliyewahi kuona makubadhi ya marehemu baba yake, aliyoyasahau yeye mwenyewe siku ya Idi kwa kuwahi mashua. Nilikwenda nyumbani, nikamletea. Yalikuwa yanang'aa. Yule mzee alilia mbele ya jamaa wote. Akanishika mkono, akawageukia watu, akasema: "Waislamu, mnaye mtu hapa. Huyu ndiye amana yenyewe."

Toka siku ile nikaitwa Mzee Amana. Nilikuwa na miaka thelathini na minne, lakini nikaitwa mzee. Watu walianza kunipisha njiani. Wenye kusafiri waliniachia funguo zao. Nami, mwanangu, nililipenda jina lile kuliko nilivyompenda mtu yeyote aliyekuwa akilala nyumbani kwangu. Hilo sikulijua wakati ule. Nilidhani ninampenda Mungu.

Unajua jinsi viatu vinavyopotea msikitini. Mtu hutoka amejawa na mawazo, akavaa vya mwenziwe, mwenziwe akaona vilivyobaki si vyake, akaenda zake miguu mitupu kwa hasira. Wakati wa tarawehe ni wengi zaidi. Siku za maulidi, wakija wageni wa Kikoneni na wa visiwani, ngazi hubaki zimejaa. Vijana wa mahoteli ya Diani hupita kusali kwa haraka wakaacha raba zao. Watoto wa madrasa huacha hata vile walivyonunuliwa jana. Vyote nikavibeba nyumbani. Nilikuwa nikisubiri aje mtu mwingine wa kulia mbele ya jamaa.

Na nilivipanga, Mejumaa. Sijafanya kazi yoyote maishani mwangu kwa ustadi kama ule. Rafu nilizichonga mwenyewe kwa mbao za mnazi, nikazinyanyua shubiri mbili kutoka chini kwa sababu ya mchwa. Nilizipanga kwenye kuta tatu tu, ili soli ya kiatu chochote isielekee kibla. Makubadhi na champali juu, viatu vya kamba katikati, raba chini yake, ndara katika masanduku, na vile visivyo na mwenzi nikaviweka kwenye rafu ya mwisho, peke yao. Kila kiatu nilikijaza magazeti ili kisijikunje. Mfuko wa plastiki sikuutumia kamwe, kwa kuwa hewa yetu ya bahari hutoa jasho ndani yake na ngozi huota ukungu. Niliweka makopo ya makaa kunyonya unyevu, na karafuu kuondoa harufu. Kila jozi ilikuwa na kipande cha kadibodi, na juu yake nimeandika kwa hati ya Kiarabu mwaka, mwezi, sala na mlango ilipookotwa. Wageni walipokuja nilikuwa nikiwafungulia chumba waone. Wakitikisa vichwa na kusema mashaallah, nami nikiinamisha uso, na moyoni nikiwahesabu.

Sasa sikiliza jambo ambalo hulijui.

Mali iliyookotwa imewekewa njia katika sharia. Hutangazwa mwaka mmoja. Mwaka ukipita na mwenyewe hajatokea, aliyeiokota ana ruhusa ya kuitumia au kuitoa sadaka, na mwenyewe akija baadaye hulipwa thamani yake. Kilicho duni, kama ndara kuukuu, hakihitaji hata mwaka. Mlango huo wa fikihi niliusoma nikiwa kijana, kwa Maalim Nassoro wa Kikoneni, mwalimu wangu aliyenifunza kila ninachokijua. Niliusoma, nikamsomea kwa moyo, nikasahihishiwa. Nilikuwa ninaujua siku ile nilipokuvua viatu mbele ya watu. Nataka uyasome maneno hayo mara mbili. Nilikuwa ninaujua.

Ulikuwa darasa la nne. Viatu vyako vya shule vilikuwa vimekatika, na mwalimu alikuwa amekurudisha nyumbani mara mbili. Mama yako aliniambia, nami nikamwambia asubiri. Mama yako, Mwanasiti, alikuwa amesoma chuo cha Kurani. Hati ya Kiarabu aliisoma vizuri. Aliingia chumbani, akatafuta viatu vyeusi vya kamba vya kadiri ya mguu wako, akasoma kadibodi, akahesabu miezi kwa vidole. Mwaka na miezi saba. Ndipo alipokuvisha. Alifuata kitabu hatua kwa hatua, zaidi ya mumewe aliyevaa kilemba.

Ilikuwa Ijumaa. Mlikuwa mmetolewa kwa chakula cha mchana, nawe ukapita mbele ya msikiti wakati tunatoka. Ulikuwa unaruka-ruka. Bwana mmoja mwenye mzaha, Mungu amrehemu, akakuona, akapaza sauti:

"Aisee Mzee Amana! Binti kapendeza leo! Au ndiyo amana zimeanza kutembea?"

Watu wakacheka. Kicheko chenyewe kilikuwa chepesi, cha watu walioshiba hotuba na wanakwenda kula. Lakini mimi nilihisi kama nimevuliwa nguo. Nikakuita.

"Umevitoa wapi viatu hivyo?"

"Mama ndiye aliyenipa, baba."

"Vua."

"Baba, mwalimu atani..."

"Vua nimesema! Utavaa haramu upite mbele ya nyumba ya Mungu?"

Ulichuchumaa ukafungua kamba. Fundo likakukwama, na hakuna hata mmoja wetu aliyekusaidia. Ukavua na soksi, ukaziweka katika mkoba. Nikavishika viatu mkononi, nikavinyanyua kidogo, watu wavione. Nikasikia mtu akisema, "Subhanallah, huyu mzee hana mchezo na mali ya watu." Na mimi, mwanangu, nilifurahi kulisikia.

Ulikwenda zako juu ya murami ya moto, ile changarawe nyekundu ya barabarani. Watoto wa madrasa wakakuandama wakiimba, "Viatu elfu, miguu mitupu! Viatu elfu, miguu mitupu!" Sikuwakemea. Karibu na soko ukakanyaga bati lenye msumari.

Mengine unayakumbuka. Mguu ulivimba, homa ikapanda, ukalazwa usiku kumi na moja. Lakini kuna neno nililokuambia pale kitandani, na sijui kama unalikumbuka kuwa ni langu au umelifanya kuwa lako. Nilikuja na tasbihi yangu, nikakaa, nikakuangalia mguu uliofungwa, nikasema: "Umeona, mwanangu? Mungu hacheleweshi. Haramu haikai mwilini."

Nawe ukatikisa kichwa ukakubali. Ulikuwa na miaka kumi.

Mama yako alikuwa amesimama hapo na bakuli la uji. Aliliweka chini akatoka. Nilimkuta nje kwenye ukumbi wa hospitali, ameegemea ukuta.

"Baba Mejumaa," akaniambia polepole, "si mwaka ulikuwa umepita? Nimeisoma mwenyewe. Au siku hizi mwaka una miezi mingapi?"

"Usinifundishe kitabu."

"Sikufundishi. Nakuuliza."

Akaenda kwa mtu aliyeweza kujibu. Alipanda gari hadi Kikoneni, akamweleza Maalim Nassoro, na siku ya tatu mwalimu wangu akaja na fimbo yake, miguu imemvimba kwa uzee. Hakuketi. Alitaka kuonyeshwa chumba. Akapita mbele ya rafu moja baada ya nyingine, akigusa kadibodi kwa ncha ya fimbo.

"Swalehe."

"Labeka, maalim."

"Umekuwa sultani wa ndara?"

Nikatazama ncha ya fimbo yake.

"Hii hapa ina miaka sita. Hii ina tisa. Mlango wa mali iliyookotwa nilikusomesha mimi, au ulisomeshwa na mwingine?"

"Ni wewe, maalim. Lakini mimi nilichukua hadhari. Nilitaka kujitenga na shubha, na kila chenye shaka."

"Hadhari ni ya kujivisha mwenyewe. Ukimvisha mtoto wa miaka kumi, hiyo ni dhuluma. Nenda ukamwambie binti yako kwamba alivaa halali. Kisha mwambie na mama yake, mbele ya binti. Leo, Swalehe."

Nikasema, "Inshaallah." Unajua namna watu wetu wanavyolitumia neno hilo wakiwa hawana nia. Alilijua pia. Akasema, "Nilikuwa nikijisifu kwa wenzangu kwamba wewe ni mwanafunzi wangu." Akaondoka bila kunywa hata maji. Alifariki mwaka uliofuata, na mimi nikawa miongoni mwa waliobeba jeneza, mbele kabisa, mahali pa kuonekana.

Ulirudi nyumbani ukichechemea. Jioni ile tulikuwa watatu tumekaa mkekani, na wewe ukamgeukia mama yako ukamwuliza: "Mama, kwa nini ulinivisha haramu?"

Hukuuliza kwa ubaya. Uliuliza kama mtoto anavyouliza kwa nini mvua inanyesha. Mama yako hakukujibu upesi. Alinitazama mimi. Alinipa nafasi, Mejumaa, aliniachia mlango wazi kabisa, na ilikuwa neno moja tu. Nilikuwa na tasbihi mkononi, nikaendelea kuvuta chembe, midomo ikicheza, na nakuapia kwamba sikuwa nasoma chochote.

Alipoona sitasema, akakuambia: "Nilikosa, mwanangu. Nisamehe."

Alijitwisha uwongo wangu ili usije ukamdharau baba yako. Tangu hapo ukawa kila akupacho unauliza kimetoka wapi. Kanga, kalamu, ndizi. Alikuletea mkufu wa shanga aliopewa na rafikiye, ukamwambia aape kwanza. Akaapa. Nilikuwa nimeketi hapo hapo. Nilimwona mke wangu akimwapia mtoto wake kwa jina la Mungu juu ya mkufu wa shanga, na watu walioniona msikitini jioni ile waliniamkia kwa heshima, "Shikamoo Mzee Amana."

Alipougua ugonjwa wake wa mwisho, uliokuwa ukimtesa pumzi, aliniita siku moja wewe ukiwa chuoni. Akaniambia: "Mimi nimebeba lako miaka mingi. Sikudai. Lakini mtue mtoto. Anadhani Mungu alimpiga." Nikamwahidi. Nilimshika mkono, nikamwahidi kwa jina la Mola.

Imepita miaka sita.

Na siku ya kumwosha, ulikuwa ndani na wanawake, nami nilikuwa nyuma ya pazia nikipitisha maji. Nilikusikia ukimwombea dua. Ulisema: "Ewe Mola, msamehe mama yangu kwa vile viatu." Na mimi nyuma ya pazia, mume wake, mwanachuoni, nikaitikia amin.

Nimeishi na hiyo amin. Nimesali nayo. Nimehiji kwa nia yake, nikarudi nayo.

Labda unashangaa kwa nini nazungumza sasa. Ningependa kukuambia kwamba nilizinduka mwenyewe, lakini si kweli. Barua yako ya ajira ilipokuja mwezi uliopita, niliwaza kuvitoa vile viatu sadaka kwa niaba ya wenyewe, ili ukiondoka niseme moyoni kwamba nimesafisha jambo. Hata hapo nilitaka kulipa bila kukiri. Nikamwita Mutua, fundi wa viatu wa pale sokoni, Mkamba aliyekuja na wazazi wake kwenye mashamba ya walowezi. Nilitaka avipige rangi kidogo.

Aliingia, akapiga mbinja.

"Mzee, hii ni duka ama ni makumbusho? Ulikuwa unawekea nani?"

"Wenyewe."

"Wenyewe walishanunua zingine kitambo, mzee. Wengine wenyewe wako chini ya mchanga."

Akachukua raba moja iliyokuwa nyeupe bado, safi kama siku niliyoipokea. Akaikunja kidogo. Soli ikameguka kama mkate wa jana. Akachukua nyingine, na nyingine. Gundi ilikuwa imekufa, ngozi imekauka ikapasuka penye mkunjo, na chini ya raba kukawa na unga mweusi unaonata vidoleni.

"Nani alikwambia ziweke hivi?" akaniuliza.

"Niliziweka vizuri. Hakuna ukungu, hakuna panya, hakuna mchwa."

"Sasa hiyo ndiyo shida. Kiatu bila mguu kinaoza pole pole. Ungewapa watu wavae, hata saa hii zingine zingekuwa zinatembea. Sasa hapa," akageuka akatazama kuta zote tatu, "hapa pengine ndara ndizo zitapona. Hizi zingine ni za moto."

Kisha akatoa vile vyeusi vya kamba. Nilivirudisha kwenye rafu Ijumaa ile ile, pamoja na kadibodi yake, na sikuvigusa tena. Alipovuta kimoja, sehemu ya juu ilimjia mkononi na soli ikabaki palepale juu ya ubao.

"Na hivi vidogo? Vya nani?"

Nikamwambia, "Vya binti yangu."

Ndiyo mara ya kwanza kwa ulimi wangu kusema kweli juu ya viatu hivyo, nami nilimwambia mtu ambaye haikumhusu. Akaitikia tu, "Sawa, mzee," akavitupa katika gunia pamoja na vingine. Magunia yalikuwa mengi. Mali za watu nilizozilinda zote, nimeziharibu zote. Wenyewe wakinisimamia Siku ya Kiyama kila mmoja na kiatu chake, nitawajibu nini? Kwamba nilizikinga na mchwa?

Hukuniuliza kwa nini chumba ni kitupu. Jana nilikuona umesimama mlangoni, ukatazama ndani, ukaenda zako.

Utakuwa mwalimu. Yako mambo machache niliyoyanunua kwa bei kubwa kuliko inavyofaa, na siwezi kwenda nayo kaburini. Ukitaka kumkataza mtoto jambo, mkataze kwa jina lako. Sema: mimi sitaki. Usimtie Mungu mkononi kama fimbo kwa sababu tu mkono wako mwenyewe ni mwepesi. Na ukijiona unapenda kukataza kuliko kuruhusu, tazama kando, uone ni nani anayekutazama. Mimi kila nilipokuwa mkali palikuwa na watu. Nikiwa peke yangu nilikuwa mtu wa kawaida kabisa.

Na mtoto akija darasani bila viatu, naomba umtazame usoni kabla ya kumtazama miguu. Sina hoja ya kuongeza hapo.

Kuna jambo jingine ninaloliona, na nimekaa nalo. Nimeshughulika na viatu vya watu kiasi kwamba ninaweza kumjua mtu kwa soli yake. Viatu vyako vya kushoto huisha upande wa nje. Unaukwepa ule mguu mpaka leo. Kila mwaka nimeliona hilo penye kizingiti chetu, na nimepita.

Kwa hiyo ninasema, na Mungu ni shahidi wangu. Viatu ulivyovaa vilikuwa halali. Mungu hakukupiga. Ulikanyaga msumari kwa sababu ulikuwa miguu mitupu, na ulikuwa miguu mitupu kwa sababu baba yako alichekwa. Mama yako hakukosa. Alisoma, akahesabu, akafanya sawasawa na sharia, kisha akaomba msamaha kwa dhambi isiyokuwa yake ili mimi nibaki na jina. Hakuna neno lolote ulilomwambia, wala kiapo ulichomtaka, ambacho kosa lake ni lako. Vyote ni vyangu.

Kesho baada ya sala ya Ijumaa nitasimama pale pale penye ngazi, niyaseme haya mbele ya jamaa kama nilivyokuandikia, kwa mpangilio huu huu. Wewe utakuwa umekwisha kupita Mombasa. Sikupanga hivyo ili nikwepe macho yako. Sitaki usimame mbele ya watu kwa ajili yangu mara ya pili. Imamu nimemwambia. Alinisihi nikae kimya, akasema kwamba mambo ya kale yameshasahauliwa na heshima ya msikiti ni muhimu. Nilimwambia kwamba hayo ndiyo niliyojiambia kwa miaka kumi na minne. Funguo nitamkabidhi siku hiyo hiyo.

Limebaki moja, na hili ni gumu kwangu kuliko yote.

Tangu mama yako azikwe nimekukataza kwenda kaburini kwake. Nilikuambia kwamba mwanamke hana ruhusa, nikakusomea na dalili za vitabuni, nawe ukatii. Mejumaa, wanavyuoni wetu wamelijadili jambo hilo, na wengi wa madhehebu yetu wameishia kwenye karaha, hawakufika kwenye haramu. Na wapo walioruhusu kwa mtu anayekwenda kwa adabu, bila kuomboleza. Nililifunga kwa kufuli langu mwenyewe. Niliogopa kwamba ungekwenda, ukapiga magoti, ukamwombea tena msamaha wa kosa langu, na yeye, akiwa chini ya udongo, hangeweza tena kunitazama akinisubiri niseme.

Gari litaondoka saa mbili. Makaburi yako karibu na stendi. Ukitoka mapema utapata muda wa kutosha. Kaburi lake ni la tatu kutoka ukuta wa magharibi, penye jiwe la tumbawe lisilo na maandishi. Nenda peke yako. Umwambie chochote ambacho ungemwambia kama mimi ningesema neno lile moja jioni ile mkekani.

Sitakufuata. Nitakuwa stendi na mizigo yako. Ukija kunishika mkono, nitaupokea. Na ukipanda gari bila kugeuka, nitasimama pale pale mpaka litoweke, na sitakuandikia kukuuliza kwa nini.

Mola akufikishe salama, akupe watu wenye haki nyumbani mwao kabla ya msikitini.

Baba yako,
Swalehe